Miaka Ishirini na Tisa Ghalani, Dakika Nne Angani

Baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa na miezi minne, mtunza ghala wetu mkuu, Bi. Asmahani Salumu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025 akiwa na umri wa miaka sitini. Uongozi umeniagiza niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya hafla ya Ijumaa hii. Uwe mfupi, uchangamshe, na usimseme mtu vibaya. Nimejitahidi sana kwenye ufupi.

Bi. Asmahani ni mtoto wa Kasulu mjini, binti wa marehemu mzee Salumu aliyekuwa akiuza vitenge na taa za chemli. Alijiunga na Shirika letu la Jirani Mwema Februari 1996, wakati ghala lenyewe lilikuwa turubai moja na miti sita. Tangu hapo hakuna blanketi wala ndoo iliyokwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu bila kupita mikononi mwake. Amewahi kurudisha lori zima kwa sababu madumu matatu hayakuwa na vifuniko. Amefanya kazi chini ya wakurugenzi kumi na mmoja, na kila mmoja wao alimweleza jinsi ghala linavyoendeshwa.

Kwa miaka yote hiyo, kila ndege ya Shirika ilipotua Kibondo, Bi. Asmahani alikuwepo kiwanjani kupokea mzigo. Kuipanda hakuwahi. Viti vilikuwa vya wafanyakazi wa ngazi husika, na ngazi ya mtunza ghala haikuhusika. Aliomba nafasi mwaka 2003, akaomba tena 2011. Maombi yote mawili bado yanashughulikiwa.

Mwaka huu Shirika limetimiza miaka arobaini, na uongozi ukaona kwamba mashindano ya mpira na kupanda miti ni mambo ya mashirika madogo. Ikaamuliwa kwamba viongozi watano waruke na parachuti katika kiwanja cha ndege cha Kibondo, mbele ya wageni waalikwa, ili jamii ijifunze ujasiri. Ikaalikwa klabu ya warukaji iliyopiga kambi hapo kwa wiki tatu. Mwalimu wake ni Therese, mama wa Kikongo aliyekulia Nyarugusu, akasoma ng'ambo, na sasa ameruka zaidi ya mara elfu moja. Viongozi walijiandikisha siku hiyohiyo, wakapiga picha.

Bi. Asmahani alipelekwa Kibondo kupokea parachuti nane, basi. Lakini yeye hasaini kitu asichokijua. Akataka kuonyeshwa kila mkanda una kazi gani, na Therese alipomwambia njia fupi ni kukaa darasani, akakaa siku zote mbili.

Mafunzo ya mwanzo si mengi. Mwanafunzi huruka kutoka mita elfu moja na mia mbili, na kamba iliyofungwa ndani ya ndege humfungulia parachuti. Kazi yake ni kutoa tumbo mbele, kurudisha kichwa nyuma, kutanua mikono na miguu, na kuhesabu elfu moja, elfu mbili, mpaka elfu tano. Kisha anatazama juu. Parachuti ikiwa ya mraba na inamtii, anashukuru. Kamba zikiwa zimejisokota, anapiga mateke mpaka zijisokotoe. Ikishindikana kabisa, iko parachuti ya akiba. Anapokaribia chini anaelekea upepo unakotoka, anavuta vishikio vyote viwili, anabana miguu na kujibiringisha.

Viongozi wetu waliyapokea mafunzo haya wakiwa na simu masikioni. Bi. Asmahani aliyaandika kwenye daftari. Kujibiringisha ndiko kulikomshinda. Kila aliporuka kutoka mezani alitua kwa nyonga, na bintiye Zena, muuguzi wa hapa Kasulu, aliambiwa kwamba mama ameteleza bafuni. Alipoomba arudie kwa mara ya kumi na tatu, Therese alitazama viti vilivyobaki vitupu, akasema, "Mama, ni weye peke unasikiliza."

Siku yenyewe, Jumamosi tarehe 14 Juni, ilikuta wageni wameketi chini ya mahema tangu saa mbili asubuhi. Meneja Rasilimali Watu aliamka na presha, ingawa daktari aliyetupima sote juzi yake hakuiona. Mhasibu aliitwa kwenye kikao cha dharura Buhigwe, siku ambayo ofisi zote za Buhigwe zimefungwa. Mkuu wa Miradi alipata mafua. Mkurugenzi wetu, Bw. Sylvesta, alikumbuka goti alilolitegua mwaka 1998, akaanza kuchechemea palepale, ingawa hakuwa na uhakika ni goti lipi. Wa tano alikuwa mwandishi wa wasifu huu, mkuu wa usafirishaji. Mimi niligundua kwamba gari halina mlinzi.

Ndege ilikuwa inanguruma na mshereheshaji alikuwa amerudia salamu za Shirika mara nne. Hapo Bi. Asmahani alimfuata Bw. Sylvesta na cheti chake cha daktari mkononi.

"Na mimi nimefundishwa," alisema. "Nipeni nguo."

Meneja Rasilimali Watu, ambaye presha yake ilishuka ghafla, alieleza kwamba ngazi yake haimo kwenye utaratibu wa zoezi.

"Baba, andika ngazi unayotaka. Mimi naingia kwenye ndege."

Bw. Sylvesta aliwatazama wageni, akakubali haraka kuliko alivyowahi kukubali jambo lolote. Ndivyo Shirika lilivyompa Bi. Asmahani safari yake ya kwanza ya ndege, kwa sharti la kushukia njiani.

Yaliyotokea juu nimesimuliwa na Therese. Mlango ulipofunguliwa, Bi. Asmahani alitazama chini, akaiona barabara ya Kasulu imekuwa uzi mweusi, akashika ukingo na kusema hawezi. Therese hakumsukuma. Alimwambia akae, watashuka wote na ndege, na hakuna atakayemcheka. Alikaa. Mtandio wake ulikuwa umelowa jasho ndani ya kofia ngumu. Ndege ikazunguka mara moja zaidi. Kisha akainuka mwenyewe, akasogea mlangoni, akatoka.

Nilimuuliza baadaye ni ujasiri gani ulimnyanyua. Alisema haukuwa ujasiri. Alijiona anashuka ngazi za ndege, Bw. Sylvesta anampokea kwa kuchechemea na kumpa pole, akaona afadhali kuruka.

Alihesabu mpaka elfu tano, akatazama juu. Parachuti ilikuwa imefunguka, ila kamba zimejisokota. Akapiga mateke. Tuliokuwa chini tuliona miguu tu ikichapa hewa, na hemani hakuna aliyetafuna. Ulipita muda ambao sitaki kuukumbuka, kisha kamba zikaachana na parachuti ikatulia.

Kilichobaki ni kuelekezwa kwa redio ndogo iliyokuwa sikioni mwake. Redio ilizimika. Betri zake zilitoka katika shehena ambayo mwezi Machi Bi. Asmahani aliikataa, akiandika kwamba hazifai hata kwa saa ya ukutani. Kitengo cha ununuzi kilimwandikia barua ya kumfundisha ushirikiano kazini.

Kwa hiyo alikuwa peke yake huko juu, na siku mbili za darasa. Mwalimu msaidizi aliyekuwa chini alipiga kelele kwenye chombo chake mpaka sauti ikakauka. Upepo ulimpitisha juu ya kiwanja, juu ya mahema, kuelekea nyaya za umeme. Mimi nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa amevuta kishikio cha kushoto, amezikwepa na anashuka nyuma ya miti. Gari ambalo nilikuwa nalilinda kwa moyo wote nililiwasha na kulitia porini.

Nilimkuta katika shamba la mihogo la Mama Mpawenimana. Alikuwa ameketi, nusu yake imefunikwa na kitambaa, akicheka na kulia kwa pamoja. Mwenye shamba alisimama mbele yake na jembe.

"Umetoka wapi?" aliuliza Mama Mpawenimana.

"Juu."

"Na huko juu ulifuata nini?"

Bi. Asmahani alifikiri. "Sijui, dada. Lakini nimebana miguu, nikabiringika vizuri."

Mama Mpawenimana alimkagua kuanzia kofia hadi viatu, akaweka jembe chini, akamsaidia kukunja kitambaa. Shina moja la muhogo lilivunjika, mtu hakuumia.

Tuliporudi, Bw. Sylvesta alikuwa anahutubia juu ya ujasiri wa uongozi. Alimpokea mbele ya kamera kwa mikono miwili na magoti mawili mazima. Zena alinipigia simu kutoka Kasulu, na aliyoniambia hayafai kuchapwa katika programu. Kwa mama yake alinyamaza siku tatu. Ya nne alikwenda Kibondo mwenyewe, akakaa kwenye nyasi, akamtazama akiruka mara ya pili. Redio ilikuwa na betri mpya. Mama alitua kwa kusimama, ndani ya kiwanja, na Zena ndiye aliyekimbia wa kwanza.

Ndugu wafanyakazi, hafla ya Ijumaa ina hotuba sita, wimbo wa Shirika, na zawadi ya saa ya ukutani. Mtakiona kiti cha mbele hakina mtu. Mhusika ametuma salamu: kambi ya warukaji inafungwa siku hiyohiyo, ndege inapaa saa nane mchana, na Therese ameahidi kwamba safari hii atamwacha afungue parachuti kwa mkono wake mwenyewe. Anaomba keki yake apewe Mama Mpawenimana, na hotuba zisomwe tu, yeye hamkatazi mtu.

Bi. Asmahani, asante kwa kila ndoo, kila blanketi na kila lori ulilolirudisha. Mimi Makarius nakiri hadharani kwamba ile nafasi ya tano ilikuwa yangu, na niliogopa. Tunakuombea afya, watu wa kukukimbilia kila unapotua, na upepo wa kadiri kuanzia Ijumaa saa nane.