Marehemu Chelagat Kiprotich na Jirani Tuliyemshuku

Wapendwa mliofika kuomboleza nasi, dada yetu Chelagat alizaliwa tarehe 14 Machi 1996 hapa Keringet, kitinda mimba wa marehemu Kiprotich na Mama Cherop, akamaliza kidato cha nne Molo mwaka 2014, akapata diploma ya kilimo, na kuanzia 2018 akawa afisa wa mbegu za viazi hapa Kuresoi.

Tarehe 5 Desemba 2020 alifunga ndoa na Kiplimo, wakajaliwa binti, Jepkemei.

Asubuhi ya tarehe 11 Julai 2023 aliamka jicho la kushoto limejaa ukungu, bila maumivu yoyote, na kwa kuwa jana yake alikunywa uji kwa jirani yetu Mama Wangeci, maneno kwamba amerogwa yalianzia jikoni yakafika kanisani, tukakumbushana kwamba baba naye alivimba mguu akaanguka ghafla akafa 2011, mwaka ule ule Wangeci alinunua shamba la kupakana nasi.

Daktari wa macho mjini Nakuru alisema mshipa unaotoa damu jichoni umeziba, akashangaa umri wake, akaagiza vipimo, ikaonekana ana kasoro ya kurithi inayofanya damu igande ovyo, akapewa vidonge na kuonywa asiviache, na sisi ndugu zake tukaambiwa tupimwe. Tulikataa. Mama alisema, "Sasa ni baba yenu alituletea hii? Muulizeni huyo wa uji."

Chelagat alimeza dawa mwaka mzima, lakini shaka ilimwingia pia, akisikia Wangeci akikohoa ng'ambo ya ua anamfunika mtoto uso, na Novemba 2024 akaacha vidonge, akashika mizizi ya mganga.

Tarehe 6 Februari 2025 mguu ulivimba, siku ya tatu pumzi ikamkatikia shambani, na aliyemsikia akiita ni Wangeci, akaruka ua, akamwita Kiplimo, wakampakia kwenye pikapu ya viazi ya Wangeci. Kiplimo alimsikia Chelagat akisema, "Mathe, mama yangu, nilikuogopa bure," na Wangeci akamjibu, "Nyamaza, vuta pumzi."

Alifariki hospitalini saa tisa alasiri, damu iliyoganda ikiwa imefika mapafuni, akiwa na miaka ishirini na minane.

Mama Cherop ameomba haya yasomwe bila kupunguzwa. Tunawashukuru madaktari, wafanyakazi wenzake na majirani wote. Jumatatu sisi ndugu watatu tunaenda kupimwa, na Jepkemei tutambeba naye apimwe. Mama Wangeci, tunakuona umesimama huko nyuma ya hema, tafadhali njoo uketi hapa mbele na familia.

Chelagat wetu, lala kwa amani.