Picha za Sahani za Fundi Saa

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, kati ya kinyozi na kibanda cha fundi saa, na kina kanuni moja tu: anayeongea hatafuni. Waliitunga siku ile Waziri, ambaye hajawahi kuongoza hata familia yake, alipopaliwa na karanga katikati ya hotuba, wakampiga mgongo mpaka machozi yakamtoka. Tangu hapo bakuli la karanga za maganda hukaa mbele ya anayesikiliza. Kahawa ya Shangazi, muuzaji wa hapo kijiweni, ni ya wote.

Jioni hiyo msikilizaji alikuwa Fundi Saa, na moyo wake ulikuwa mzito. Ngiri ilimsumbua mwaka wa pili sasa. Daktari alishamwambia bila kumung'unya maneno: hapasuliwi mpaka ashuke chini ya kilo tisini. Basi akajinyima kweli kweli. Kila sahani iliyowekwa mbele yake aliipiga picha kwa simu akamtumia mkewe, na mkewe alikuwa mkali kuliko daktari. Kilo zikashuka vizuri mpaka tisini na tatu, hapo zikagoma. Mwezi mzima namba ile ile. Akaanza kuogopa kwamba kuna kitu kingine kinaota humo tumboni, na hilo hakuthubutu kumwambia mama watoto.

Alipowadokeza wenzake, kila mtu akawa daktari.

— Mzani wako umechoka, alisema Kinyozi. Chuma kikikanyagwa kila siku kinazoea.

Fundi akasema hata wa hospitali unasema hivyo hivyo.

— Basi ni mifupa, alisema Waziri. Nyama ikipungua, mifupa inanenepa ili kujaza nafasi.

— Mifupa wapi, alidakia Kinyozi. Huyu analala mdomo wazi. Usiku kucha anameza umande, na umande ni maji, maji yana uzito.

— Sikilizeni, alisema Waziri, ni hizo picha. Chakula kinaingia mara mbili, mara mdomoni, mara kwenye simu. Na simu anatembea nayo mfukoni.

Shangazi akamimina kahawa akitikisa kichwa. Fundi alimenya, akatafuna, akamenya tena.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja na saa ya ukutani iliyofungwa kwenye shuka, akingoja fundi amalize mazungumzo yake. Hakuna aliyekuwa amemwona.

— Samahani, kaka, alisema. Na hizo karanga, nazo huwa unazipiga picha?

Kinyozi akalitazama bakuli kama vile limeletwa sasa hivi. Fundi akainama. Maganda yalikuwa yamefunika ndara zake zote mbili, na chini ya miguu ya Waziri hapakuwa na hata moja. Alitaka kujitetea kwamba karanga haziji kwenye sahani, kwamba hicho si chakula, ni kijiwe tu. Kisha akakumbuka. Tangu kilo zigome alikuwa hana raha ya kuongea, na kwa kuwa haongei, bakuli lilikuwa lake kila jioni. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyonyamaza, na kadiri alivyonyamaza ndivyo alivyotafuna.

Akalisukuma bakuli kando.

— Ni karanga, alisema taratibu. Dada yangu, kumbe ni karanga tu.

Akalipiga picha bakuli, na maganda pia, akamtumia mkewe. Mkewe hakuandika jibu, alipiga simu. Wote walimsikia akicheka, halafu akicheka na kulia pamoja, na hapo Fundi akajua kwamba ile hofu hakuwa nayo peke yake ndani ya nyumba.

Siku hizi anayeongea kijiweni ni yeye. Anaeleza habari za kila saa iliyopita mikononi mwake, springi kwa springi, na hakuna wa kumkatisha. Mzani umeshuka, tarehe ya kupasuliwa imepangwa. Juzi alikuwa ameingia kwenye kisa cha saa ya tatu pale Waziri alipomgusa bega, mkono mwingine ukihangaika na kifungo cha suruali kisichofungika tena.

— Fundi, pumzika kidogo, ndugu yangu. Na mimi niongee.