Wezi wa Kompyuta Walioniibia Wasikilizaji

Ndugu zangu wa kikundi, wakubwa shikamooni. Mimi shule niliiona dirishani tu, kwa hiyo nikipotea njia mnirudishe.

Mnajua pale Mlabani, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Watu wakisubiri zamu, mimi nilikuwa nawasimulia hadithi. Mtu mchele wake umeshatoka, haondoki! Na mashine yenyewe ile kelele zake, ule mkanda wake... haya, tuyaache.

Basi binti mmoja akafungua kibanda cha video ng'ambo ya barabara. Akaleta sinema ya wapelelezi wanaowasaka wezi wa kompyuta. Wao wanaongea Kizungu, yeye kashika kipaza sauti, anatafsiri papo hapo. Watu wote wakahamia kule. Nikabaki na magunia.

Ndugu zangu, nawaambia, wivu unakula. Nilijifungia ndani, chakula sitaki, hadithi zikanikauka. Halafu mke wangu naye akaenda! Akarudi macho yanang'aa.

"Mzee, wanaiba benki bila kugusa mlango!"

"Sitaki kusikia." Nikamsogelea. "Sasa, walikamatwa?"

"Kesho ndiyo mwisho. Nenda kaangalie."

Nikaenda, huku naomba paharibike. Kweli, wapelelezi wamewapoteza wezi, hapo hapo umeme ukakatika. Mayowe! Moyo wangu ukacheka, Mungu anisamehe. Yule binti akanimulika na simu.

"Babu, shikamoo. Hawa wataondoka. Tumalizie wewe."

Mimi ningekuwa yeye, nisingemwita mzee mwenye wivu kama mimi.

Nikasimama. Nikawaambia, mpelelezi mmoja aliacha kompyuta, akafanya kama majirani zangu Wasukuma wakiibiwa ng'ombe: wanafuata kwato mpaka penye maji, maana ng'ombe lazima anywe. Na mwizi lazima ale. Akamvizia kwa muuza samaki, wale perege wa Malinyi, akamdaka na mwiba mdomoni!

Umeme ukarudi. Kwenye sinema, wezi wakatoroka.

Watu wakapaza sauti: "Zima hiyo! Ya babu ndiyo ya kweli!"

Tangu siku hiyo nasimulia kwanza pale kibandani, ndipo binti anawasha. Namshukuru yeye, namshukuru mke wangu aliyenituma nikauone mwisho. Ukimwonea mtu wivu, nenda ukakae kwake; pengine kakuwekea nafasi.

Wivu haujaisha wote, nisiwadanganye. Mke wangu hukaa benchi la mbele, na kwenye hadithi zangu za mashineni hakuwahi kukaa mbele. Ila sasa anayesimama pale mbele ni mimi.