Maisha ya Evariste Mathurin, Dereva wa Ndizi wa Desruisseaux

Evariste alizaliwa kijijini Desruisseaux tarehe 11 Machi 1921, mtoto wa pili wa mama yetu Léonise. Wa kwanza ni mimi, Cyprien. Alisoma Micoud hadi darasa la nne, akaacha kwa kuwa viatu vilikuwa jozi moja na mama alinipa mimi. Ilifaa apewe yeye; hesabu zilikuwa kichwani mwake, si mwangu.

Mwaka 1942 alijifunza kuendesha lori kwenye kambi ya Wamarekani, Vieux Fort, na hakutaka kazi nyingine tena. Ndizi zetu zote zilifika bandarini Castries kwa mikono yake. Tarehe 6 Juni 1948 alimwoa Eudoxia Alcindor. Watoto wao wanne walisoma kwa usukani ule.

Mwaka 1969 macho yalianza kufifia. Daktari akasema ni presha ya macho, na baada ya miaka miwili akampa matone makali, asubuhi na jioni, ya kuhifadhiwa kwenye baridi. Yalikaza mboni ikawa ndogo kama tundu la sindano. Upofu ulisimama, lakini jua likipungua alikuwa haoni vizuri. Dereva wa namna hiyo hunyang'anywa leseni, kwa hiyo alificha. Chupa ilikaa kwenye friji langu, ndani ya kopo la siagi, na ikifika saa kumi alasiri alikuwa keshawasha lori arudi.

"We dereva, jua lote hilo! Unakimbilia wapi?" akina mama walimpigia kelele.

"Kwa Eudoxia. Nikichelewa ananifungia mlango."

Walicheka. Nami nilicheka, na nilikuwa najua.

Jumatatu tarehe 14 Oktoba 1974, akipakia maboksi, ngiri ilimbana. Tulimkimbiza hospitali, apasuliwe haraka. Sista aliyemwandikisha alikuwa mke wa mkaguzi wa leseni.

"Bwana Mathurin, unatumia dawa yoyote? Hata ya kupaka, hata ya matone?"

"Chai ya kakao tu, sista."

"Acha utani, mzee. Nauliza kweli."

"Nami nakujibu kweli."

Sista akanigeukia. Chupa ilikuwa mfukoni mwangu, imeviringishwa na barafu kwenye kitambaa, kwa ajili ya matone ya jioni. Nilikuwa nimemwahidi mdogo wangu. Nikatazama sakafu.

Wakamchoma sindano ya kulegeza misuli, wapate kupitisha mpira wa hewa kooni. Kwa wengine nguvu yake huisha baada ya dakika chache. Lakini matone yale yalikuwa yamemaliza kile kilichomo damuni cha kuivunja dawa hiyo. Misuli ikabaki imelegea, hata ya kupumulia, wakampulizia hewa kwa mkono. Alipoanza kuvuta pumzi kidogo wakautoa mpira mapema, nayo ikakatika. Daktari akatoka kuniuliza upya. Ndipo nilipoitoa chupa.

Akaisoma. "Baba, hii ungenionyesha asubuhi."

Evariste alifariki saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Ninyi mnaotia matone, semeni. Nanyi wenzao mnaojua, semeni hata kama mmekatazwa.

Ameacha mjane, Eudoxia; watoto Hilaire, Marie-Ange, Télesphore na Clothilde; wajukuu sita; na kaka mmoja aliyekuwa na jibu mfukoni.

Lala salama, mdogo wangu. Leseni yako hakuna atakayeichukua tena.