Sisi na Nani?

Mwalimu mstaafu alikuwa amehamia nyumba yenye madirisha saba na pazia hata moja hakuna. Kwa hiyo neno "mapazia" lilipotajwa kwenye kiti cha mbele yake ndani ya basi, alikunja gazeti akatega sikio.

"Shangazi, kwenye tovuti yako ya mapazia nimeandika 'Kuhusu Mimi'," binti alisema, simu mkononi. "Dukani si uko wewe na cherehani tu?"

"Futa. Weka 'Kuhusu Sisi'."

"Sisi na nani?"

"Mteja akisoma 'mimi', atadhani nikishikwa na mafua tu, pazia lake limekwama."

"Na kweli litakwama!"

"Hilo si la kuandika."

Mwalimu alicheka chinichini. Vituo vitatu walivutana juu ya neno hilo hilo moja, huku shangazi akimnyooshea binti kola ya blauzi iliyojikunja.

"Haya, nitajie huyo wa pili," binti alisema basi lilipopunguza mwendo.

"Kwani hii tovuti imejitengeneza yenyewe?"

Binti akacheka. Kidole kikafuta 'Mimi', kikaandika 'Sisi'.

Basi likasimama, wakashuka wameshikana mikono. Mwalimu akatoa kichwa dirishani.

"Samahani, mama! Namba ya simu mmeiweka humo? Mimi nataka mapazia."

Wakatazamana.

"Sisi tumesahau," binti akasema.

"Aa, mwanangu," shangazi akamjibu. "Hapo ndipo pa kusema 'mimi'."