Bogna Sitek, Aliyeusikia Muungurumo wa Mumewe

Marehemu Bogna Sitek alizaliwa tarehe 11 Machi 1956 mjini Tuchów, kusini mwa Poland, binti wa pekee wa seremala Ignacy Mazgaj na mkewe Salomea. Kabla hajatimiza miaka miwili alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Mungu alimwachia uhai; usikivu ulikwenda.

Mwaka 1963 alipelekwa shule ya bweni ya viziwi mjini Krakow. Darasani walifundishwa kusoma midomo. Bwenini walifundishana ishara, na huko ndiko Bogna alikopata maneno ya kwake. Tangu mwaka 1974 alishona makoti katika kiwanda cha ushirika wa viziwi mjini Tarnów.

Tarehe 23 Juni 1979 alifunga ndoa na Zenon Sitek, fundi viatu, kiziwi tangu kuzaliwa. Walijaliwa binti mmoja, Jagoda, anayesikia.

Akiwa na miaka hamsini na mitatu, Bogna aliamua kupandikizwa kifaa cha kusikia. Madaktari hawakumficha: angepata sauti, ila maneno asitarajie kuyaelewa bila kutazama midomo. Katika klabu yao ya viziwi, wenzake waliona anawahama. Rafiki yake Teofila alimwuliza kwa ishara, mbele ya watu, "Sasa sisi utatusalimia kwa simu?" Zenon hakumpinga, lakini chakula kilimshinda.

Alipasuliwa tarehe 14 Aprili 2009. Kifaa kilipowashwa mwezi uliofuata, dunia ilimjia kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Akavumilia. Baada ya majuma kadhaa alirudi kwa fundi wa kifaa kulalamika kwamba kinaunguruma kila anapompelekea mumewe chai karakanani. Fundi hakuona hitilafu. Jagoda, aliyekuwa mkalimani wake, alicheka hadi machozi: huyo ni baba, huunguruma akigonga soli, mtaa mzima unajua, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Zenon aliona haya, akafunga mdomo siku nne. Siku ya tano Bogna aliweka chai mezani, akamwambia kwa mikono, "Endelea, mzee wangu. Nimezoea."

"Sauti yangu ni nzuri?" Zenon akauliza.

"Mbaya mno. Lakini ni yako, na nimekaa miaka thelathini bila kuijua."

Zenon akashika nyundo, akaunguruma.

Ijumaa ile walikwenda klabuni pamoja. Bogna alimwambia Teofila, "Wewe ukinywa supu unasikika hadi mlangoni." Mikono yote ikapepea hewani, ndiyo makofi ya viziwi. Tangu hapo wenzake walimletea vitu awaambie vina sauti gani: saa, paka, kokwa za matunda ya cheri. Teofila hakukitaka kifaa hicho kamwe, na Bogna hakumshawishi.

Mwaka 2023 moyo wake ulidhoofika. Alifariki hospitalini Tarnów tarehe 6 Februari 2024, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Zenon, binti, Jagoda, mjukuu, Kalina, pamoja na wanaklabu wote, ambao leo katika mazishi haya wameketi safu ya mbele ili waione vizuri mikono ya Teofila, anayewasimulia maisha haya kwa ishara sambamba na sauti inayosoma.

Mungu amlaze Bogna penye amani.