Barua Thelathini na Moja za Mama Parfait

Ndugu, majirani, wachungaji, wanakwaya, wenzake wa cherehani, na ninyi nyote mliopanda taksi mbili kutoka Hillbrow na kutembea kilichobaki, familia inawaomba mkae, na vijana wawapishe viti wenye magoti mabaya, kwa kuwa historia hii ni ndefu kuliko ile iliyochapwa kwenye karatasi mliyogawiwa mlangoni, na karatasi ile ina makosa mawili ambayo familia itayasahihisha hapa hapa, mbele ya jeneza, kama ambavyo mwenyewe angelifanya.

Marehemu Victorine Nalotwa Asukulu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Parfait, alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1968, katika zahanati ya Baraka, Fizi, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Asukulu, muuguzi wa zahanati hiyo, na Mama Wabiwa, na tarehe hiyo hakuna aliyeikisia, kwa sababu baba yake, aliyeandikisha uzazi wa mtaa mzima, aliandika na wa kwake kwa wino nyuma ya mlango wa kabati la dawa: siku, saa na uzito. Karatasi mliyonayo inasema alizaliwa tarehe mosi Januari 1970. Tarehe mosi Januari ndiyo siku ambayo, kwa mujibu wa kompyuta za serikali, nusu yetu humu ndani tulizaliwa, na kama ingekuwa kweli basi wakunga wa Kongo nzima wasingepata kusherehekea mwaka mpya hata mara moja. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Alisoma shule ya msingi Baraka kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha akapelekwa Uvira kusomea ukataji na ushonaji, akapata diploma yake ya serikali Julai 1987, akarudi nyumbani na mashine moja ya kukanyaga, na tarehe 11 Agosti 1990 akafunga ndoa na Mwalimu Ezéchiel, ambaye alimpenda kwa sababu, kama alivyokuwa akisema mwenyewe, ndiye msichana pekee aliyemwambia ukweli kwamba koti lake la uchumba halikumkaa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Parfait, mwaka 1992, Sagesse, mwaka 1995, na Murielle, aliyezaliwa kambini Nyarugusu, nchini Tanzania, mwaka 1998 na kulala huko huko baada ya miezi kumi.

Familia ilivuka ziwa kwenda Kigoma mwishoni mwa Oktoba 1996, pamoja na wengine wote waliovuka wiki ile, ikaishi kambini zaidi ya miaka saba, na tarehe 9 Februari 2004 ikafika Johannesburg, na hapo ndipo ilipoanza habari ambayo baadhi yenu mmeicheka kwa miaka ishirini, na ambayo leo mtaisikia yote.

Siku ya mahojiano ya ukimbizi, mkalimani, Mkongo mwenzetu, alimvuta kando koridoni na kumwuliza aliona nini vitani, naye akajibu kwamba walisikia milio, wakakimbia, hakuona askari hata mmoja kwa macho yake. Yule bwana akashika kichwa. "Mama, hiyo si kesi, hiyo ni safari. Sema nyumba ilichomwa ukiwa ndani, mimi nitaipamba." Victorine akamwambia kwamba nyumba ilichomwa kweli, ila yeye hakuwemo, na kwamba kama Mungu alimtoa kabla ya moto, hawezi sasa kujirudisha ndani ili apendeze mbele ya karani. Alisema alichokiona. Ombi lake la ukimbizi likakataliwa, akakata rufaa, na akiwa anasubiri akapewa kibali cha muda, cha kurudiwa kila miezi sita, chenye jina Victoria Asukuru na tarehe mosi Januari 1970.

Wengine wangelishukuru na kuondoka, na wengi wetu tulishukuru na kuondoka. Yeye, kila aliporudi kurudisha uhai wa kibali, Februari na Agosti, alipeleka na barua ya ukurasa mmoja: mimi naitwa Victorine Nalotwa Asukulu, nilizaliwa tarehe 14 Septemba 1968, naomba mrekebishe. Barua sita za kwanza aliziandika kwa Kifaransa, ambacho pale dirishani hakuna aliyekisoma, na kuanzia Agosti 2007 akaandikiwa kwa Kiingereza na mdogo wake, Carmel, aliyekuwa amekuja kusoma chuo kikuu Braamfontein, na ambaye ndiye anayewasomea historia hii. Barua ilipigwa muhuri wa kupokelewa, ikachukuliwa, na jibu halikuja. Agosti 2004 ilikuwa ya kwanza, Agosti 2019 ya mwisho, kabla mambo hayajahamia kwenye mtandao, na jumla yake ni barua thelathini na moja, mihuri thelathini na moja, majibu sifuri, na ofisi iliyoweza kuinua mkono mara thelathini na moja kupiga muhuri haikuweza hata mara moja kuinua macho na kusoma.

Na sisi je? Sisi tulimpa jina la utani, Mama Barua. Kwenye foleni tulimwuliza kama ameshapata mpenzi mle ofisini. Mdogo wake huyu huyu, na shahada zake zote, mwaka 2012, baada ya shemeji Ezéchiel kufariki kwa homa ya mapafu tarehe 2 Julai 2011 akiwa mlinzi wa ghorofa moja Hillbrow, alimshauri aolewe kwa karatasi na mzee mmoja wa hapa, jambo ambalo Victorine alilisikiliza hadi mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema, "Carmel, umesoma mpaka umechoka, kalale."

Kuhusu kazi, alishona kwa miaka ishirini na moja, kwanza kwenye kibaraza Yeoville, kisha katika chumba chake mwenyewe pale Observatory, sare za shule, magauni ya kwaya na sketi za wamama wa Kizulu, na Mei 2008, wakati wageni walipokuwa wakifukuzwa mitaani, shemeji Jacques, kaka yake Ezéchiel, aliwakusanya wote sebuleni na kuwafundisha maneno ya Kizulu na namna ya kuyatamka ili wajifanye wenyeji, somo ambalo Victorine alishindwa tangu neno la kwanza. Walipofika kwenye kibaraza chake, vijana tisa wenye marungu, na kumwuliza yeye ni nani, alijibu kwa Kiingereza chake cha cherehani: "Mimi ni Mkongo. Na wewe mwenye kofia, sketi ya mama yako ya kanisani nimeshona mimi, kiuno themanini na nane." Wakachukua mashine zote tatu. Yeye hawakumgusa. Alhamisi iliyofuata, mama mwenye kiuno themanini na nane alikuja akisukuma kitoroli cha dukani, mashine moja ikiwa ndani yake, akaishusha na kuondoka, na mashine hiyo ndiyo iliyoshona nguo aliyovaa marehemu leo.

Wapo waliosema alikuwa na bahati. Yeye alisema aliomba, basi, na hakuwa na mpango mwingine.

Shemeji Jacques alikuwa na mipango, na hili linasemwa kwa ruhusa ya mjane wake aliyeketi hapa mbele, ambaye amesema lisemwe. Jacques alinunua kitambulisho cha marehemu mmoja wa hapa, akaishi nacho vizuri, akapata kazi nzuri, akamwambia Victorine mara nyingi kwamba Mungu ametupa akili tuzitumie, na alipofariki mwaka 2016 alizikwa kwa jina lile, chini ya msalaba wa mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemfahamu, na mama yake kule Baraka alipotumiwa picha ya kaburi aliuliza huyu ni nani. Victorine alisimama pale makaburini hadi watu wote walipoondoka, na aliporudi aliwaambia watoto wake ombi moja tu: "Mimi mnizike kwa jina langu." Hakuomba kitu kingine, hakuomba maua, wala kurudishwa kwao.

Ugonjwa ulianza Januari 2023, uvimbe kwenye titi la kushoto. Alikwenda kliniki Jumanne tarehe 24, akakuta kundi la watu getini wakidai vitambulisho na kuwarudisha wageni, akarudi. Akaenda Jumanne iliyofuata, akarudi. Akaenda ya tatu, akarudi. Ndipo Bwana Cédric, mwenyekiti wa kamati yetu ya misiba, aliyetusaidia na mahema haya na tunamshukuru kwa mahema, alipomletea kadi ya mama mmoja mwenyeji aliyekuwa tayari kumwazima. Victorine aliikataa. Alisema, "Nesi akiita jina la huyo mama, mimi nitabaki nimekaa. Najijua." Jumanne ya nne, tarehe 14 Februari, ilinyesha mvua kubwa, barabara zikajaa, robot zote, yaani taa za barabarani, zikazimika, wale wa getini hawakuja, naye akaingia, amelowa hadi mifupani, nesi akamwuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, na akaandika kile alichoambiwa. Kadi ile ya kliniki ndiyo karatasi ya kwanza katika nchi hii iliyoandika kwamba Victorine Nalotwa Asukulu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1968. Aliibusu mbele ya foleni nzima.

Alifanyiwa upasuaji tarehe 28 Machi, akaishi miaka miwili na zaidi, akamshonea Sagesse gauni la harusi, akambeba mjukuu. Na kwa wale wanaonong'ona tangu juzi kwamba angekubali kadi ya kuazima angelikuwa hai, familia ilimwuliza daktari wazi, na daktari alijibu kwamba ugonjwa ulikuwa na zaidi ya mwaka mwilini, wiki tatu hazikubadilisha kitu. Kama mnahitaji hasira, wapelekeeni waliosimama getini. Msimwekee yeye.

Saratani ilirudi Machi mwaka huu, ikaingia kwenye ini, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, baada ya kuuliza kama sare za darasa la kwanza zimechukuliwa, alilala katika Bwana, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Leo ni tarehe 14. Mmeuliza kwa siku kumi na moja kwa nini hatuziki, mmeuliza kwa simu, kwa jumbe za sauti, na wengine kwa kuguna tu, na jibu ni hili: hospitali ilisema aliyefariki ni Victorine Asukulu wa 1968, kibali kilisema ni Victoria Asukuru wa 1970, na serikali haitoi ruhusa ya kuzika watu wawili katika jeneza moja. Siku ya tatu, Bwana Cédric alituambia anaye kijana wake mle ndani, atabadilisha cheti cha hospitali kifanane na kibali, jambo la nusu saa. "Marehemu hana haja tena ya jina," alisema. Sagesse, ambaye Kiswahili chake mnajua kimejaa mawe, alimjibu, "Uncle, yeye alikuwa na haja nalo kila siku. Sisi tutangoja." Wakati ule mdogo wake, huyu anayewasomea, alitaka kukubali. Liandikwe na hilo. Alikuwa amechoka, ana mihadhara, wageni wamejaa nyumbani, na akili yake yote ilimwambia nusu saa.

Tulingoja. Jumatano tarehe 11, mama mmoja wa makamo pale ofisini, anayekaribia kustaafu, alisikia jina, akauliza, "Yule mama wa barua?" akashuka kwenye ghala la mafaili, akakaa huko saa nzima, akarudi na jalada lenye vumbi, na ndani yake zilikuwemo zote, zimebanwa pamoja kwa mpangilio wa tarehe, thelathini na moja, miaka kumi na tano, jina lile lile, siku ile ile, hakuna iliyopingana na nyingine. Alizisoma moja baada ya nyingine. Za Kifaransa alizigeuza tu, lakini tarehe aliisoma. Kisha akasema kwamba mwongo hubadilisha maneno, akarekebisha jina na tarehe kwenye kibali, akapiga muhuri.

Kwa hiyo kosa la pili. Karatasi yenu inasema marehemu "alipambana kwa nguvu na ujanja wake mwenyewe". Nguvu hakuwa nazo, alikuwa na kilo arobaini na tisa, na ujanja aliukataa kila mlipomletea. Alimtegemea Mungu, akaandika barua. Familia inawaomba mtoe kalamu sasa, wenye kalamu wawaazime wenzao, mfute mstari huo, na hapo juu mfute mosi Januari 1970, muandike tarehe yake. Tutasubiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa nesi wa tarehe 14 Februari, majirani wa Observatory waliopika siku kumi na moja bila kuuliza, mafundi wenzake waliomaliza sare zilizobaki, wachungaji, kamati pamoja na mwenyekiti wake, mama wa kiuno themanini na nane, ambaye yuko hapa, safu ya nne, na yule mama wa jalada.

Pumzika kwa amani, yaya, dada yangu mkubwa, Victorine Nalotwa Asukulu, mzaliwa wa Baraka, tarehe kumi na nne Septemba, mwaka elfu moja mia tisa sitini na nane. Ndivyo msalaba ulivyoandikwa.